Ikulu ya Simba: nyumba ya Witu iliyolipuliwa kwa baruti

Kila mgeni wa heshima anapopokewa katika Ikulu ya Nairobi, bendi hupiga wimbo wa taifa, na mtu wa Wenje, huku Tana River, akiusikia anajua sauti ile imetoka wapi. Imetoka Makere, nchi ya Gwano, kando ya Mto Tana, katika wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Mzee Meza Galana ndiye aliyewapa wanamuziki wa tume ya wimbo wa taifa ya mwaka 1963 sauti hiyo, nao wakaitilia maneno ya dua ambayo leo kila mwanafunzi nchini anayajua kwa moyo. Hilo tunalijua, na tuna haki ya kujivunia.

Lisilosemwa sana huku kwetu ni kwamba kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli, tulikuwa majirani wa ikulu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na nyumba ya Gavana ambayo leo ndiyo Ikulu ilijengwa mwaka 1907. Zaidi ya miaka arubaini kabla ya hapo, Witu palikuwa na mtawala mwenye nyumba yake ya enzi, askari wake langoni, wajumbe wa ng'ambo waliomjia na barua, na mikataba aliyoifunga kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1885 Dola ya Ujerumani ilimtambua kuwa mkuu wa nchi huru. Miaka mitano baadaye mabaharia wa Uingereza waliichoma Witu na kuilipua nyumba ya nasaba yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili au cha Tatu hulikuta jina la Witu katika somo la Historia, mstari mmoja au miwili, kwenye mikataba ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Hulikariri, akalijibia mtihani, akalisahau. Wengi hawatambui kwamba Witu hiyo ya kitabuni ndiyo hii ambayo kondakta wa basi la Lamu anaiita kila asubuhi pale Minjila.

Kwenda huko si safari ya ajabu. Kutoka Wenje unashuka na barabara ya Hola hadi Minjila, unakata kushoto kuelekea Garsen, unavuka mto, kisha unashika barabara ya Lamu. Gamba, Lango la Simba, Nyongoro, halafu Witu. Barabara hiyo ya kilomita 135 kutoka Garsen hadi Lamu siku hizi ni lami, ingawa maji yana usemi wake: mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliikata Gamba na Lango la Simba, na watu wakarudi kwenye mashua kama zamani. Ni nchi tambarare, nyika na mabwawa, kisha msitu. Msitu huo ndio mwanzo wa habari yote.

Mfalme aliyehama na kiti chake

Jina lake lilikuwa Ahmed bin Fumo Luti, na watu walimwita Simba. Alikuwa wa ukoo wa Wanabahani, masultani wa Pate, ambao kwa mapokeo yao wenyewe walitawala kisiwa hicho tangu mwaka 600 wa Hijria, yaani 1204. Pate ilikuwa dola hasa. Ilikuwa na majahazi, mafundi wa hariri na wa fedha, na washairi waliosifika pwani nzima. Ilikuwa pia na siwa ya pembe ya ndovu iliyopulizwa siku za ukubwa wa kiserikali. Siwa hiyo ingalipo, imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na anayeiangalia kwa karibu ataona jinsi pembe ilivyochongwa kwa mikono isiyokuwa na haraka.

Nguvu za Pate zilivunjika katika Vita vya Shela, miaka ya 1810, walipopigwa na watu wa Lamu. Lamu ikaomba ulinzi wa Mabusaidi wa Omani, na kuanzia hapo mkono wa Omani, baadaye wa Unguja, haukuondoka tena katika visiwa vile. Mwaka 1863 Sayyid Majid wa Unguja aliitiisha Siyu, ngome ya mwisho ya upinzani kisiwani Pate. Simba akavuka bara. Alikaa Kau, kwenye Mto Ozi, kisha akaingia ndani zaidi hadi Witu.

Tazama ramani uone akili ya uchaguzi huo. Adui yake alikuwa na merikebu na mizinga. Witu iko mbali na bahari kiasi ambacho mzinga wa merikebu haufiki, lakini ni karibu na Ozi kiasi ambacho mahindi, mpunga na pembe za ndovu zinashuka kwa mtumbwi hadi Kipini. Kuizunguka kulikuwa na msitu mnene, na njia za kupita humo zilijulikana na wenyeji peke yao. Mji wenyewe ulizungushiwa boma la magogo lenye malango mazito ya mbao, na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Ya Sultani ilikuwa na haiba yake, lakini mtu asiifikirie kama Beit al-Ajaib ya Unguja, yenye nguzo za chuma na baraza za ghorofa tatu. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alijenga jumba lake ufukweni, ili kila nahodha aingiaye bandarini alione. Simba alijenga pasipoonekana. Kwake yeye msitu ulikuwa sehemu ya ikulu, na maadui zake walijua hivyo.

Watu waliomkimbilia hawakuwa Wapate tu. Walikuwako Waboni, ambao waliujua msitu kuliko yeyote, na wafanyabiashara wa Kisomali. Walikuwako pia watoro kwa mamia, watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu, Malindi na kwingineko. Kwa mtoro, Witu ilikuwa mahali ambapo bwana wake hakuthubutu kumfuata. Jambo hili lazima lisemwe kwa sauti, maana katika pwani ya karne ya 19 sehemu za namna hiyo zilikuwa chache.

Na lazima lisemwe pia la upande wa pili, kwa kuwa makala haya yanaandikiwa watu wa Mto Tana. Wapokomo wa Tana ya chini hawakuiona Witu kuwa kimbilio. Waliiona kuwa serikali inayotaka kodi ya mavuno, na mara nyingine kuwa makao ya watu wenye bunduki waliokuja vijijini kuchukua chakula, na hata kuchukua watu. Mkulima wa mpunga wa Ngatana au Buu alibanwa huku na Witu, kule na wavamizi wa mifugo, na juu ya yote na mafuriko. Kuikumbuka ikulu ya Simba kwa heshima hakutulazimishi kuyafuta hayo. Nyumba za enzi zote duniani zimejengwa kwa jasho la mtu fulani, na hii ilikula jasho la babu zetu.

Mlinzi wa mbali

Simba alikuwa na hofu moja kubwa: Unguja. Mzungu wa kwanza kuichukua hofu hiyo hadi Ulaya alikuwa Richard Brenner, Mjerumani aliyefika Witu mwaka 1867 wakati akitafuta habari za msafara wa Baron von der Decken ulioangamia Bardera mwaka 1865. Simba alimweleza kwamba angependa urafiki na ulinzi wa Prussia. Berlin ya wakati ule haikuwa na haja na pwani ya Afrika, na jambo hilo likalala.

Lililala hadi walipokuja ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Clemens aliupanda Mto Tana mwaka 1878 pamoja na daktari Gustav Fischer, akipita vijiji vya Wapokomo na kuandika alichokiona: kina cha maji, mashamba, biashara ya pembe. Aliporudi Ulaya alikuwa na wazo kwamba Tana ingekuwa njia ya kuingilia bara yote. Tarehe 8 Aprili 1885 ndugu hao walifunga mkataba na Simba, wakapata ardhi na ahadi ya urafiki, na tarehe 27 Mei mwaka huo huo Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Sayyid Barghash alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake Unguja, naye akanyamaza.

Kwa hiyo kwa miaka mitano nyumba ile ya msituni ilikuwa makao ya mkuu wa nchi anayejulikana Berlin na London. Kampuni ya Kijerumani ya Witu iliundwa mwaka 1887. Mwaka huo huo wamishonari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi Ngao, na kanisa lao bado liko katika maisha ya Wapokomo hadi leo. Novemba 1888 Wajerumani walifungua posta Lamu. Barua za Sultani zilisafiri ng'ambo na majibu yakarudi.

Simwoni Simba kuwa mjinga kwa kutafuta mlinzi wa mbali dhidi ya adui wa karibu. Watawala wengi walifanya hesabu hiyo hiyo, na Nabongo Mumia wa Wanga, kule Elureko, aliifanya na Waingereza, na kiti chake kikadumu hadi miaka ya 1920. Hesabu ya Simba ilikosea mahali pamoja tu. Alidhani Ujerumani iliitaka Witu kwa ajili ya Witu. Kumbe Berlin iliishika kama mtu anavyoshika karata, akingoja wakati wa kuitupa mezani. Simba alifariki kabla ya kuliona hilo. Aliyeliona ni mrithi wake, Fumo Bakari.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba uliogawa mambo mengi kwa mpigo mmoja. Ujerumani ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ikaiachia Uingereza Witu, na ikakubali Unguja iwe chini ya Uingereza. Fumo Bakari hakuulizwa. Mfalme aliyekuwa na mkataba wa ulinzi mkononi alisikia kwamba mlinzi wake amemkabidhi kwa rafiki wa adui yake.

Hasira za usaliti huo zilikuwa bado za moto pale Andreas Küntzel, Mjerumani mmoja, alipokuja Witu Septemba 1890 na wenzake kwa nia ya kukata miti na kuanzisha kiwanda cha mbao. Fumo Bakari alikataa. Vitabu vingi vya kikoloni vinaliandika hili kama ukaidi wa Sultani mkali, lakini mtu aliyeelewa mji ule ataona mara moja: alikuwa anaombwa auze ukuta wa ikulu yake. Ugomvi ukazuka langoni, Küntzel akafyatua bunduki, na yeye na wenzake kadhaa wakauawa. Wajerumani wengine waliuawa nje ya mji.

Tarehe 27 Oktoba 1890

Waliouawa walikuwa Wajerumani, lakini waliokuja kulipiza ni Waingereza, kwa kuwa Witu sasa ilikuwa katika hesabu yao. Admirali Edmund Fremantle, aliyepeperusha bendera yake katika manowari Boadicea, aliongoza kikosi akiwa pamoja na Konseli Mkuu wa Unguja, Charles Euan-Smith. Fumo Bakari aliitwa Lamu kujibu mashtaka. Hakwenda. Mkonumbi ikachomwa kwanza. Kisha mamia ya mabaharia na askari wa majini, pamoja na polisi wa Kihindi wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Uingereza na askari wa Sultani wa Unguja, walianza mwendo kutoka Kipini, wakiburuta mizinga midogo katika njia za mchanga na vichaka.

Watu wa Witu waliwashambulia njiani, lakini bunduki za gobori hazikuweza kushindana na mizinga ya kisasa. Asubuhi ya tarehe 27 Oktoba mji ulipigwa, lango likafunguliwa kwa baruti, na walipoingia waliukuta mtupu. Fumo Bakari na watu wake walikuwa wamejitia msituni. Basi kazi iliyobaki haikuwa ya vita. Walitia moto nyumba za makuti, moja baada ya nyingine, na nyumba ya Sultani, ambayo moto peke yake usingeitosha, wakaitegea baruti wakailipua.

Nataka tukae hapo kidogo. Mji ulikuwa umeshatekwa. Hapakuwa na mtu ndani. Kulipua nyumba ya mtawala aliyekwisha kukimbia hakuongezi ushindi wa kivita hata chembe. Kunawaambia wote waliobaki kwamba hapa hapana serikali tena, wala pa kurudi. Mabaharia walioshiriki walipewa nishani. Upande mmoja ina kichwa cha Malkia Victoria, upande wa pili askari wa Kizungu wakipigana na Waafrika vichakani, na juu yake pingili ya fedha yenye maneno WITU 1890. Picha hiyo ya askari vichakani haikuchorwa kwa ajili yetu. Ilichorwa kwanza kwa nishani ya vita vya Ashanti vya 1874, ambavyo jemadari Wolseley alivimaliza kwa kuilipua ikulu ya Asantehene, mfalme wa Waashanti, mjini Kumasi.

Baada ya Witu mtindo uliendelea. Tarehe 27 Agosti 1896 Admirali Harry Rawson aliyapiga makasri ya Unguja kwa mizinga ya manowari, chini ya saa moja, kumtoa Khalid bin Barghash katika kiti cha usultani, na jumba la Beit al-Hukm likawa magofu. Februari 1897 Rawson huyo huyo aliingia Benin, ikulu ya mfalme wao, Oba, ikaungua, na sanamu za shaba zikapakiwa melini. Watu wa Benin wanadai vitu vyao hadi leo, na baadhi vimeanza kurudishwa. Unguja walijenga upya, na jumba la masultani lililobaki limekuwa makumbusho tangu 1994. Waganda, ambao ikulu yao ya Lubiri, Mengo, ilishambuliwa na jeshi la serikali yao wenyewe tarehe 24 Mei 1966, waliirudisha heshima yake baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1993, na leo mgeni anaingia na kuelezwa kila kitu. Witu peke yake ndiyo imebaki bila mwenye kuisemea.

Hasara kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haikuwa mawe wala mbao. Nyumba ile ilikuwa maktaba. Wanabahani walipohama Pate walihama na maandishi yao, na miongoni mwao palikuwa na kitabu cha historia ya nasaba yao, kile tunachokiita Habari za Pate. Nakala ya asili, iliyokuwa mali ya Sultani wa Witu, iliteketea katika shambulio la 1890. Tulichonacho sasa kimetokana na kumbukumbu za mtu mmoja wa ukoo huo, Muhammad bin Fumo Omar, aliyejulikana kama Bwana Kitini, ambaye aliisimulia kwa waliotaka kuiandika. Nahodha Stigand aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1913, na Bi Alice Werner akaitoa kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri, mwaka 1914 na 1915.

Nakala hizo hazilingani. Miaka inapishana, majina ya watawala yanabadilisha nafasi, na wanahistoria wamebishana kwa zaidi ya miaka mia kuhusu nani alitawala lini, na kama kweli Wanabahani walifika Pate karne ya 13 au baadaye sana. Huenda jibu liliandikwa waziwazi katika karatasi zilizoungua Witu siku ile. Bwana Kitini alijitahidi mno, na bila yeye tusingekuwa na chochote. Lakini mzee mmoja hawezi kubeba kichwani karne saba bila kudondosha kitu.

Baada ya moshi

Fumo Bakari alijificha Jongeni, msituni, na alifariki Januari 1891. Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza ulinzi wake juu ya Witu Novemba 1890. Kampuni ile ya Waingereza ilipewa nchi hiyo kuitawala, ikashindwa, na tarehe 31 Julai 1893 ikajitoa. Mwezi uliofuata kikosi kingine cha Waingereza kilizipiga Pumwani na Jongeni, ambako Fumo Omari, wa ukoo huo huo, alikuwa ameendeleza upinzani. Pingili nyingine ya fedha ikachongwa: WITU AUGUST 1893.

Mwaka 1895 Waingereza walimweka Omar bin Hamed, Mnabahani pia, awe Sultani wa Witu chini ya bendera yao. Alikaa hadi mwaka 1923. Enzi yake haikuwa na jeshi, wala mikataba na ng'ambo, na maamuzi makubwa yalifanywa na maofisa wa Lamu na Mombasa. Alipoondoka hakuwekwa mwingine. Hivyo ndivyo usultani ulivyokwisha.

Sisi wa Mto tulikuwa na enzi yetu ambayo haikukaa katika nyumba. Wapokomo walitawaliwa na wazee wa baraza la gasa, na ukuu wao ulikuwa katika ngadzi, ngoma kubwa iliyofichwa msituni, ambayo asiyeingizwa katika siri zake hakuruhusiwa kuiona. Iliponguruma, kila mtu alijua kwamba serikali inasema. Maofisa wa kikoloni waliichukua ngoma hiyo mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, ambako imekaa ghalani. Witu walilipuliwa nyumba, Mto ukanyang'anywa ngoma, katika muda wa miaka 12. Nani atasema hayo ni mambo mawili yasiyohusiana? Mtawala mgeni alijua ni kitu gani kinawafanya watu wajione kuwa nchi, akakiendea hicho hicho.

Kuna kazi moja ya zama za Witu ambayo baruti haikuiweza. Utawala ule ulichimba mfereji wa Belezoni, kuunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi ya mazao isilazimike kupita baharini. Forodha iliyowekwa hapo ilizua ugomvi mkubwa mwaka 1889 kati ya Witu, Wajerumani na Kampuni ya Waingereza, maana aliyeshika Belezoni alishika biashara ya mto. Baadaye mto wenyewe ukaufuata mfereji. Zamani Tana ilimwaga maji yake baharini upande wa kusini-magharibi mwa Kipini. Leo maji yanayopita Wenje, yakanywesha miembe yetu na nyani wa msitu wa hifadhi, yanaingia Ozi na kutokea Kipini. Jembe la watu wa Witu limeelekeza mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Ninazo hoja tatu za kuwapelekea wanaohusika. Ya kwanza ni kwa serikali za kaunti za Lamu na Tana River pamoja na Makumbusho ya Taifa: mahali ilipokuwa nyumba ya Simba papimwe, pachunguzwe na wataalamu wa mambo ya kale kabla ya viwanja na majengo kupameza, na pawekwe bango lenye maandishi ya Kiswahili yanayosema nini kilikuwapo na nani alikivunja. Barabara ya lami imeleta wageni na imeleta pia bei ya ardhi, na bei ya ardhi haingoji.

Ya pili ni kwa walimu wa Historia wa Wenje, Hola, Garsen na Tarasaa. Mnawapeleka wanafunzi Fort Jesus na Gede, na mnafanya vizuri. Wapelekeni Witu pia, kisha Belezoni, wakausome mkataba wa 1890 wakiwa wamesimama juu ya ardhi iliyouzwa nao. Na nakala ya Habari za Pate iwemo katika maktaba ya shule.

Ya tatu ni kwa familia za Witu, Mkonumbi, Kipini, Kau na vijiji vya Mto. Kama kuna barua ya hati ya Kiarabu ndani ya kasha, msahafu wenye majina ya mababu pembeni, mlango wa zamani au jina la ukoo linalotajwa kwenye hitima peke yake, msiviache vikae mpaka mchwa wavifikie. Viandikwe, vipigwe picha, na ofisi ya makumbusho mjini Lamu ipewe nakala. Bwana Kitini aliifanya kazi hiyo peke yake kwa kumbukumbu yake. Sisi tuko wengi, na tuna simu zenye kamera mfukoni.